Mgongo Wazi na Kichwa Maji: Mtoto Hutibika, Lakini Siku Hazingoji



Katika ukurasa huu wa Kiswahili tumezoea kuzungumza habari za mishahara, saa za kazi na usalama wa mashine. Safari hii twataka kueleza jambo ambalo huanzia nyumbani, lakini halikawii kuingia kazini pamoja na mfanyakazi. Hula mshahara wake, hula siku zake za likizo, na mara nyingine huvunja nyumba yake. Jambo lenyewe ni mtoto anayezaliwa na mgongo wazi, na mtoto ambaye kichwa chake hukua kupita kiasi kwa sababu ya maji, yaani kichwa maji.

Wako watu wengi wanaoamini kwamba mtoto wa namna hiyo hana dawa, na kwamba kumpeleka hospitali ni kupoteza nauli. Sivyo. Hapa hapa Uganda, katika mji wa Mbale chini ya Mlima Elgon, watoto hawa wamekuwa wakipasuliwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na madaktari wa nchi nyingine wamekuja kujifunza kazi hiyo kwetu. Maarifa yapo. Linalowaumiza watoto wengi ni kuchelewa, na kuchelewa huko huletwa na mambo matatu: kutojua, aibu, na kukosa ruhusa na nauli. Yote matatu ni mambo ambayo chama cha wafanyakazi kinaweza kuyapunguza. Ndiyo sababu tumeyaandika hapa.

NINI HUTOKEA TUMBONI

Wale wanaofanya kazi ya bati watatuelewa upesi. Fundi akitaka kutengeneza bomba huchukua bati bapa, akalikunja, akakutanisha kingo zake mbili, kisha akaziba mshono. Mtoto tumboni naye hutengenezwa hivyo. Siku za mwanzo kabisa, sehemu itakayokuwa ubongo na uti wa mgongo huwa bapa. Halafu hujikunja, kingo zikakutana na kuungana kama bomba. Kazi hiyo humalizika kiasi cha siku ya 28 tangu mimba kutungwa.

Pengine mshono huo hauzibi sawasawa upande wa chini. Basi mifupa ya mgongo haifuniki mahali hapo, na mishipa ya fahamu hubaki nje au hufunikwa na ngozi nyembamba tu, kama kifuko. Huo ndio mgongo wazi. Mishipa iliyo mahali hapo ndiyo inayotawala miguu, kibofu cha mkojo na haja kubwa. Kwa hiyo mtoto anaweza kuwa na miguu dhaifu, au asiweze kuuzuia mkojo. Kadiri tundu linavyokuwa juu zaidi mgongoni, ndivyo udhaifu unavyozidi.

Je, maji ya kichwani yatoka wapi? Kila mtu ana maji ya ubongo. Mtu mzima hutengeneza kiasi cha nusu lita kwa siku. Maji hayo hupita katika vyumba vidogo vilivyomo ndani ya ubongo, hutoka nje, huuzunguka ubongo na uti wa mgongo, mwisho hunywewa na damu. Watoto wengi wenye mgongo wazi huwa na sehemu ya nyuma ya ubongo iliyovutwa chini kuelekea shingoni, nayo huziba njia. Maji huendelea kutengenezwa wakati njia ya kutokea imebanwa. Ni kama tangi linalojazwa na huku bomba la kutolea maji limeziba. Mifupa ya kichwa cha mtoto mchanga bado haijaungana, kwa hiyo kichwa hupanuka, na ubongo hukandamizwa kutoka ndani.

Wako pia watoto wenye kichwa maji ambao mgongo wao ni mzima kabisa. Wengine huzaliwa hivyo, wengine hupata baada ya kuzaliwa. Tutarudi kwa hao.

SI LAANA WALA KOSA LA MAMA

Twajua maneno yanayosemwa. Husemwa kwamba mama amelogwa, au amevunja mwiko, au ukoo wake una mkosi. Mara nyingi mume ndiye huambiwa maneno hayo na ndugu zake, naye akaondoka. Wanachama wetu wanaume wanapaswa kulisikia hili waziwazi: hakuna mtu aliyesababisha jambo hili kwa ubaya wake. Mshono wenyewe huzibwa au hukosa kuzibwa wakati ambapo wanawake wengi hawajatambua hata kwamba wana mimba.

Zipo sababu kadha zinazoongeza hatari. Baadhi ya dawa za kifafa, hasa ile iitwayo valproeti, huongeza hatari. Ugonjwa wa sukari usiotibiwa vizuri huongeza hatari. Lakini sababu iliyochunguzwa zaidi, na iliyo rahisi zaidi kuizuia, ni upungufu wa vitamini moja iitwayo asidi ya foliki.

Mwaka 1991 madaktari wa Uingereza walitangaza matokeo ya uchunguzi mkubwa uliofanywa katika nchi 7. Waliwachukua wanawake 1,817 walio katika hatari kubwa kwa kuwa walikwisha kuzaa mtoto mwenye kasoro ya namna hii. Wale waliopewa asidi ya foliki kabla ya kushika mimba na katika wiki za mwanzo walipungukiwa na hatari hiyo kwa asilimia 72. Tangu hapo hakuna ubishi tena kwamba sehemu kubwa ya kasoro hizi yaweza kuzuiwa.

Lakini hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki ambavyo mama hupewa kliniki ni vizuri, navyo humkinga na upungufu wa damu. Lakini mama akienda kliniki kwa mara ya kwanza katika mwezi wa nne au wa tano, mshono wa mgongo umekwisha kuzibwa au kukosa kuzibwa miezi mitatu iliyopita. Kwa ajili ya mgongo, kidonge hicho kimechelewa. Ndiyo sababu wataalamu hushauri kwamba mwanamke anayetazamia kushika mimba apate mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku kabla ya mimba, aendelee hadi wiki ya 12. Mama aliyekwisha kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi huhitaji kiasi kikubwa zaidi, naye aonane na daktari kabla ya kushika mimba nyingine.

Mboga za majani kama dodo, maharagwe, njugu na maini vina vitamini hii, na yafaa kuvila. Hata hivyo chakula cha kawaida peke yake mara nyingi hakifikii kiasi kinachotakiwa, na mimba nyingi huja bila kupangwa. Kwa hiyo njia inayowafikia watu wote ni kuitia vitamini hiyo katika unga. Uganda iliweka sheria ya kuongeza vitamini na madini katika unga wa ngano na wa mahindi wa viwanda vikubwa mwaka 2011, na Kenya ikafuata mwaka 2012. Mwezi wa Mei 2023 Mkutano Mkuu wa Afya wa Dunia ulipitisha azimio la kuzihimiza nchi zote kuongeza virutubishi katika chakula, na mgongo wazi ulitajwa kwa jina katika azimio hilo.

Sheria ya Uganda iliwalenga wenye viwanda vikubwa, si mashine ndogo ya kusagia iliyoko mtaani. Mfanyakazi anayekula posho iliyosagwa hapo kila siku asidhani kwamba anaipata vitamini hiyo.

MATIBABU KABLA YA KUZALIWA

Zamani daktari hakuweza kujua habari za mtoto aliye tumboni ila kwa kupapasa na kusikiliza moyo. Mlango wa matibabu ya mtoto aliye tumboni ulifunguliwa mwaka 1963 na Dakta William Liley wa New Zealand, ambaye alimwongezea damu mtoto aliyekuwa bado hajazaliwa. Mwaka 1981 Dakta Michael Harrison na wenzake huko San Francisco, Marekani, walimpasua mtoto angali katika tumbo la uzazi. Halafu mwaka 2011 Wamarekani walitangaza matokeo ya uchunguzi uliolinganisha njia mbili za kuziba mgongo wazi: kuuziba kabla ya wiki ya 26 ya mimba, au kuungoja mpaka mtoto azaliwe.

Matokeo yalikuwa hivi. Katika wale waliozibwa tumboni, asilimia 40 walihitaji baadaye mpira wa kutoa maji kichwani. Katika wale waliozibwa baada ya kuzaliwa, walioshitakiwa na tatizo hilo walikuwa asilimia 82. Walipofikia umri wa miezi 30, asilimia 42 ya kundi la kwanza waliweza kutembea bila kusaidiwa, na asilimia 21 tu ya kundi la pili. Lakini mama naye alipasuliwa, watoto wengi walizaliwa kabla ya wakati, na kovu la tumbo la uzazi lilileta hatari katika mimba zilizofuata. Upasuaji huo huhitaji hospitali yenye wataalamu wengi pamoja na mahali pa kuwatunza watoto njiti.

Twaeleza hayo ili wanachama wajue dunia imefika wapi. Kwa mama wa Tororo au Kasese, faida iliyo karibu ni picha ya altrasaundi. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2016 kwamba kila mama apigwe picha hiyo mara moja kabla ya wiki ya 24. Fundi mwenye ujuzi aweza kuona mgongo usiozibwa au vyumba vya ubongo vilivyojaa maji. Picha haiponyi. Lakini humpa mama nafasi ya kuzalia katika hospitali kubwa, na humpa baba miezi ya kutafuta nauli na ruhusa, badala ya kushtukizwa usiku mmoja.

SIKU ZA KWANZA BAADA YA KUZALIWA

Mtoto akizaliwa na kifuko au kidonda mgongoni, yapo mambo ambayo kila mkunga na kila mzazi ayajue.

Kwanza, mtoto asilazwe chali. Alazwe kwa tumbo au kwa ubavu.

Pili, kidonda kifunikwe kwa kitambaa safi cha hospitali kilicholowanishwa kwa maji safi ya chumvi ya hospitali, na kisiachwe kikauke. Kisipakwe majani, majivu, samli wala dawa yoyote ya kienyeji. Pale ni wazi mpaka kwenye mishipa ya fahamu, na uchafu ukiingia hupanda hadi kwenye ubongo.

Tatu, mtoto anyonyeshwe na atiwe joto, kisha apelekwe haraka kwenye hospitali yenye daktari wa upasuaji. Yafaa mgongo uzibwe katika siku mbili au tatu za kwanza. Upasuaji huo haurudishi nguvu za miguu zilizokwisha kupotea, lakini huzuia maambukizo na hulinda nguvu iliyobaki.

Kwa upande wa kichwa maji, chombo cha kwanza cha uchunguzi ni futi ya fundi cherehani. Kichwa cha mtoto aliyetimiza miezi yake huwa na mzunguko wa kiasi cha sentimeta 35 anapozaliwa, na katika miezi mitatu ya kwanza hukua kiasi cha sentimeta 2 kila mwezi. Kikizidi sana, au kikikua upesi kuliko hapo, mtoto apelekwe hospitali. Dalili nyingine ni utosi uliovimba na kukaza, mishipa ya damu inayoonekana wazi kichwani, kutapika, kulia kusikonyamazika, na macho yanayoelekea chini kama jua linalotua, weupe ukaonekana juu ya mboni. Mzazi asingoje dalili zote zikamilike.

VALVU ILIYOTOKA KARAKANANI

Wanachama wetu wa karakana watapenda kujua kwamba chombo kilichookoa watoto wengi wa namna hii kilibuniwa na mwenzao. John Holter alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha makufuli huko Marekani. Mwaka 1955 alizaliwa mtoto wake wa kiume akiwa na mgongo wazi na kichwa maji. Dakta Eugene Spitz alimweleza tatizo lao: walihitaji valvu ndogo mno ya kupitisha maji upande mmoja tu, ambayo ingeweza kukaa ndani ya mwili bila kuziba wala kurudisha damu nyuma. Holter akaenda kufanya kazi kwenye karakana yake nyumbani, na mwaka 1956 akawa amepata valvu ya silikoni yenye mipasuko midogo, inayofunguka kwa kusukumwa na maji na kujifunga yenyewe. Mtoto wake hakuishi miaka mingi, lakini valvu ya baba yake ilitumika kwa watoto wa nchi nyingi.

Chombo hicho pamoja na mpira wake huitwa shanti. Ncha moja huwekwa katika chumba cha ubongo, mpira hupitishwa chini ya ngozi, na ncha nyingine siku hizi huwekwa zaidi tumboni, ambako maji hunywewa na mwili. Bei kubwa si lazima. Katika uchunguzi mmoja wa Mbale, watoto 195 walilinganishwa: wengine waliwekewa shanti ya bei nafuu ya India iitwayo Chhabra, wengine ya bei kubwa iitwayo Codman-Hakim. Baada ya mwaka mmoja haikuonekana tofauti ya maana.

Lakini shanti ni chombo, na kila chombo huharibika. Inaweza kuziba au kuingiwa na vijidudu. Mtoto anayeishi karibu na hospitali hufunguliwa tena upesi. Anayeishi mbali, mahali ambapo gari hupita mara moja kwa siku na mvua ikinyesha halipiti, aweza kufa kabla ya kufika.

Tatizo hilo ndilo lililomfanya Dakta Benjamin Warf, Mmarekani aliyefanya kazi katika hospitali ya watoto ya CURE huko Mbale, kutafuta njia nyingine. Alitumia darubini nyembamba inayoingizwa kichwani kwa tundu dogo. Kwa darubini hiyo alitoboa njia mpya katika sakafu ya chumba kimojawapo cha ubongo ili maji yapite, kisha akachoma vishada vya nyama laini vinavyotengeneza maji hayo ili yapungue. Mambo hayo mawili yalikuwa yakijulikana, lakini yeye aliyafanya kwa pamoja kwa watoto wachanga. Mwaka 2005 alitangaza habari za watoto 550. Kwa wale wasiotimiza mwaka mmoja, kutoboa peke yake kulifaulu kwa asilimia 47, na kutoboa pamoja na kuchoma kulifaulu kwa asilimia 66. Kwa wachanga wenye mgongo wazi tofauti ilikuwa kubwa zaidi: kutoka asilimia 35 hadi asilimia 76.

Mtoto anayefaulu kwa njia hii hana mpira mwilini wa kuziba. Mwaka 2017 ulitangazwa uchunguzi wa watoto 100 wa Uganda wenye kichwa maji kilichotokana na maambukizo, waliogawanywa kwa bahati nasibu kati ya darubini na shanti. Baada ya mwaka mmoja haikuonekana tofauti ya maana katika akili zao. Yaani mtoto aliyetibiwa kwa darubini hakupungukiwa na kitu kwa kukosa shanti. Hata hivyo njia zote mbili zaweza kushindwa. Mtoto aliyepasuliwa akianza kutapika, kulala mno, kupata homa au kuongezeka kichwa, arudishwe hospitali siku hiyo hiyo.

HOMA YA MTOTO MCHANGA

Tulisema kwamba wako wanaopata kichwa maji baada ya kuzaliwa. Dakta Warf alipochunguza watoto 300 huko Mbale, aliona kwamba kiasi cha asilimia 60 walikipata kutokana na maambukizo ya ubongo, mara nyingi katika mwezi wa kwanza wa maisha. Mwaka 2020 wataalamu walitangaza kwamba wamegundua katika maji ya ubongo ya baadhi ya watoto wa Uganda kijidudu kiitwacho Paenibacillus, ambacho hapo nyuma hakikujulikana kuwa chanzo cha ugonjwa huo.

Kwa mzazi maana yake ni moja. Mtoto mchanga mwenye homa, au mwili uliopoa kupita kiasi, au anayekataa titi, au anayetetemeka na kukakamaa, si wa kupewa dawa ya dukani na kungojewa mpaka asubuhi. Apelekwe kwenye kituo cha afya wakati huo huo. Na aliyepona maambukizo ya namna hiyo apimwe kichwa kwa futi kila wiki katika miezi inayofuata.

BAADA YA HOSPITALI

Kazi haimaliziki mtoto anapotoka hospitali. Mtoto mwenye mgongo wazi ambaye kibofu chake hakimwagiki vizuri huweza kuharibika figo polepole, hali kwa nje anaonekana mzima. Mwaka 1972 Dakta Jack Lapides wa Marekani alieleza njia rahisi: kuingiza mpira safi wa mkojo mara kadha kwa siku, kukimwaga kibofu, kisha kuutoa. Mama hufundishwa kazi hiyo, na mtoto akikua hujifanyia mwenyewe. Njia hii hulinda figo, na humwezesha mtoto kukaa darasani akiwa mkavu, bila kuchekwa.

Yako pia mazoezi ya miguu, viatu vya chuma, magongo au kiti cha magurudumu. Miguu isiyohisi yahitaji kuangaliwa kila jioni, kwani mtoto aweza kuungua au kukatwa asijue. Watoto wengi wa namna hii wana akili ya kusoma kama wenzao, na shule ni haki yao.

KAZI YA CHAMA

Sasa tufike kwenye yanayotuhusu moja kwa moja. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 iliweka siku 60 za kazi za likizo ya uzazi kwa mama, kwa mshahara kamili, na siku 4 za kazi kwa baba. Tuchukue mfano wa mfanyakazi wa kiwanda cha Jinja ambaye mtoto wake amezaliwa na mgongo wazi. Siku ya kwanza hupita kwa mshtuko, ya pili kwa kutafuta fedha, ya tatu njiani kwenda Mbale, na ya nne mtoto anangoja kupasuliwa. Siku ya tano baba anatakiwa kazini. Baada ya hapo zitafuata safari za kuangalia kichwa, kibofu na miguu, kwa miaka. Akitoroka kazi anafukuzwa, na akibaki kazini mama yuko hospitali peke yake.

Lakini yaliyo katika sheria ni kiasi cha chini kabisa. Hakuna linalozuia chama na mwajiri kupatana zaidi. Kwa hiyo twapendekeza matawi yetu yatie mambo haya katika madai yao wakati wa mapatano ya pamoja:

(1) Mzazi yeyote ambaye mtoto wake mchanga amelazwa kwa upasuaji apewe ruhusa yenye mshahara, nje ya likizo yake ya mwaka, kwa cheti cha hospitali.

(2) Mzazi wa mtoto mwenye ulemavu apewe siku za kliniki kwa tarehe zilizoandikwa katika kadi ya mtoto, bila kuhesabiwa kuwa mtoro.

(3) Kantini za viwanda na mashamba zinunue unga ulioongezwa vitamini. Wajumbe wa chama wakague magunia na kusoma maandishi yake kabla ya unga kuingia ghalani. Jambo hili ni la gharama ndogo, na huwafikia wanawake vijana wa kazini kabla hawajashika mimba.

(4) Zahanati za kazini ziwe na asidi ya foliki kwa mwanamke anayeihitaji kabla ya mimba, wala asiulizwe maswali ya kumwaibisha.

(5) Kila tawi liwe na akiba ndogo ya nauli za dharura. Nauli inayokopeshwa usiku ule ule yaweza kuwa na maana kuliko mchango mkubwa unaoletwa matangani.

Na kuna kazi moja isiyohitaji mapatano na mwajiri yeyote. Mwenzetu akipata mtoto wa namna hii, tusimnong'oneze nyuma. Tumwendee, tumwulize kama ana nauli, tumsaidie zamu yake, na tumwambie mume asiondoke. Mtoto huyu ana wazazi wawili, na kazi ya kumtunza ni kubwa mno kwa mmoja.

Tunaomba wajumbe wa matawi wausome ukurasa huu kwa sauti katika mkutano ujao, kwa ajili ya wale wasioweza kusoma, na kuubandika kwenye ubao wa matangazo karibu na mlango wa kantini. Mwanachama mwenye mtoto ambaye kichwa chake anakitilia shaka asingoje mkutano huo. Achukue futi leo jioni, ampime, na kesho amfikishe kliniki.